Usiridhike na "Ndiyo": Mwongozo wa Kuzuia Makosa ya Tiba Wodini

Mzee aliyeteremka kutoka Makete au Ludewa na kulazwa hospitalini, akiulizwa na mtu mwenye sare nyeupe, "Wewe ndiye Sanga?", mara nyingi ataitikia ndiyo. Ataitikia kwa sababu kweli ni Sanga, au kwa sababu hakusikia vizuri, au kwa sababu katika malezi yake si adabu kumsahihisha mtaalamu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini katika hospitali moja ya wilaya, nilisimama kando ya kitanda nikiwa na sindano ya frusemidi, dawa ya kuongeza mkojo, mkononi, nikauliza swali hilohilo na nikapata jibu hilohilo. Aliyeniokoa ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye alijiinua kidogo akasema, "Nesi, akina Sanga humu ndani tuko watatu."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe wala si ugonjwa uliomleta, kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufariki kila mwaka kwa sababu ya huduma isiyo salama, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Uzito wa jambo hilo ndio uliofanya nchi wanachama, mwaka 2019, kuitenga tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi, wakunga, matabibu na watoa dawa wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Nyanda za Juu Kusini, na karibu hatua zake zote zimejengwa juu ya jambo moja: uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo".

Hatua ya kwanza: Mgonjwa ajitaje mwenyewe

Anza na salamu, kwa kuwa huku kwetu swali lisilotanguliwa na salamu husikika kama karipio. "Shikamoo" inatosha, ingawa "Kamwene" kwa mtu wa Iringa au Njombe, au "Ugonile" kwa mtu wa Rungwe, hulegeza ulimi haraka zaidi. Kisha sema, "Naomba unitajie majina yako matatu na kijiji unakotoka," ukae kimya hadi amalize, ndipo ulinganishe aliyoyasema na faili, chati ya dawa na utambulisho wa mkononi. Jina la ukoo peke yake halifai kitu katika eneo ambalo akina Sanga wanaweza kujaza nusu ya wodi ya Makete, na ambalo orodha ya wagonjwa wa Tukuyu au Kyela inaweza kuanza na "Mwa" kutoka juu hadi chini. Tarehe ya kuzaliwa ni nzuri kwa anayeifahamu, lakini wazee wengi hukisia mwaka tu, kwa hiyo kijiji na kitongoji husaidia zaidi.

Namba ya kitanda si utambulisho wa mtu. Wagonjwa huhamishwa usiku ili kumpisha aliye mahututi karibu na meza ya wauguzi, na asubuhi anayegawa dawa hukuta vitanda ni vilevile lakini watu si walewale. Pale ambapo mikanda maalumu ya mkononi imekwisha, plasta iliyoandikwa majina matatu na namba ya faili kwa kalamu isiyofutika inafaa, mradi ibadilishwe inapochakaa. Mwezi wa sita na wa saba, mgonjwa anapokuwa amevaa sweta mbili na koti juu yake, utambulisho hufunikwa na kishawishi cha kuuruka huwa kikubwa. Mwombe apandishe mkono wa sweta, hata kama unajua ni baridi.

Mtoto mchanga avishwe utambulisho katika chumba cha kujifungulia, kabla hajatenganishwa na mama yake hata kwa dakika moja, na mapacha waandikwe wa kwanza na wa pili pamoja na saa ya kuzaliwa kwa kila mmoja.

Kwa mgonjwa ambaye Kiswahili kinampa shida, tafuta mtumishi mwenzako anayesema Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au lugha nyingine anayoifahamu. Mjukuu wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa bibi yake, kwa sababu kuna maswali ambayo bibi hawezi kuyajibu mbele ya mjukuu, na atakachopokea mkalimani huyo ni ndiyo nyingine tu.

Hatua ya pili: Pima kwanza, kisha kokotoa

Dozi ya mtoto hutokana na uzito, na uzito wa mtoto wa nyanda za juu huja umefungwa ndani ya blanketi, sweta, suruali mbili na kofia ya sufi. Chukua mfano wa mtoto mwenye malaria kali na uzito wa kilo 19. Kwa watoto walio chini ya kilo 20, artesuneti ya sindano hutolewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto huyu anahitaji miligramu 57. Akipimwa na nguo zake zote mizani ikasoma kilo 20.5, atahesabiwa kwa kiwango cha waliofikia kilo 20, yaani miligramu 2.4 kwa kilo, na atapata miligramu 49 hivi. Nguo tu zimempunguzia dawa mtoto ambaye maisha yake yanategemea dozi kamili. Washa jiko au hita ndani ya chumba cha kupimia, mvue nguo, mpime haraka, mfunike tena, na uzito uandikwe juu ya chati kwa kilo pamoja na tarehe.

Baridi hiyohiyo huvuruga kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kidole kilichopoa damu hupita kwa shida, na kifaa kinaweza kuonyesha namba ya chini isiyo ya kweli au kushindwa kusoma kabisa. Pasha mkono wa mgonjwa joto kwanza kisha urudie, lakini mgonjwa anayehangaika kupumua apewe oksijeni wakati kipimo kinaendelea kutafutwa.

Ukokotoaji wa dozi za watoto na wa dawa hatari ufanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha majibu yalinganishwe. Ninasisitiza "kila mmoja peke yake" kwa sababu mtindo uliozoeleka ni kumwonyesha mwenzako karatasi yenye jibu na kumuuliza, "Mililita mbili, sivyo?" Naye, akiwa na wagonjwa wake thelathini wa kuhudumia, atasema ndiyo. Huo si uhakiki.

Katika kuandika, nusu miligramu iandikwe 0.5 na si .5, kwa kuwa nukta huweza kupotea mtu akasoma 5. Tano kamili iandikwe 5 na si 5.0, isije ikasomwa 50. Kwa insulini, neno "yuniti" liandikwe kwa ukamilifu, kwa maana herufi U iliyoandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, na yuniti 6 zikisomwa 60 zinaweza kumuua mtu usingizini.

Hatua ya tatu: Chunga saa ya Kiswahili

Hatari hii haimo katika vitabu vingi, kwa sababu ni yetu sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko. Muuguzi akiandika "saa 8" kwenye chati, wa zamu inayofuata anaweza kusoma saa nane mchana au saa mbili asubuhi, na tofauti hiyo inatosha kumfanya mgonjwa akose dozi moja au apate mbili. Kila maandishi ya kitaalamu yatumie mfumo wa saa 24: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Makubaliano haya yawe ya wodi nzima, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakiwemo, kwa sababu chati yenye mifumo miwili ni mbaya kuliko yenye mfumo mmoja usiopendeza.

Kwa mgonjwa mambo hugeuka. Yeye aambiwe kwa saa anayoijua. Maandishi ya "1x3" kwenye bahasha ya dawa husomwa na wengi kuwa asubuhi, mchana na jioni, yaani dozi tatu zinabanana ndani ya saa kumi na mbili za mwanga, halafu usiku mzima mwili unabaki bila dawa. Ukimwambia "kila baada ya saa nane", wapo watakaoelewa kuwa ni kila siku ifikapo saa nane mchana. Taja nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Kwa dawa mseto ya malaria, eleza kwamba dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi dozi sita zitimie, kila mara baada ya kula chakula. Kama dozi ya kwanza imemezwa saa 4 asubuhi, mwandikie wazi kwamba ya pili ni saa 12 jioni.

Hatua ya nne: Panga kabati

Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza nchini kujaribu utaratibu wa 5S, ambao umetoka Japani na ambao watumishi wa afya wa Tanzania wanaujua kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Wengi huuchukulia kuwa ni usafi wa kuwapokea wageni. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, imo ndani ya kabati la dawa.

Sasambua maana yake ni kuondoa kisichotakiwa kuwepo, na cha kwanza kuondolewa kwenye toroli ya wodi ni kloridi ya potasiamu iliyokolea. Dawa hii ikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa husimamisha moyo, na ampuli yake, yaani kichupa chake, inaweza kufanana na ya maji ya kuchanganyia dawa. Ikae famasia, au katika kisanduku chenye kufuli na maandishi mekundu, na itoke kwa saini. Seti ni kutenganisha ampuli zinazofanana kwa rangi, umbo au jina, hata kama herufi zao zinafuatana. Shehena mpya ikifika kutoka Bohari ya Dawa, soma lebo upya kama hujawahi kuiona dawa hiyo, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuwa amebadilika na rangi iliyozoeleka sasa imevaliwa na dawa nyingine. Dawa yoyote ikishavutwa kwenye bomba la sindano, bomba liandikwe jina na kiasi palepale. Bomba lisiloandikwa litupwe, hata kama aliyelijaza anaapa kulijua.

Magneziamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba inastahili karatasi yake ukutani. Ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Kwa dozi ya kuanzia ya gramu 4 kwenye mshipa, vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20 za asilimia 20, na choma polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Kabla ya kila dozi inayofuata, hakikisha mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linarusha mguu likigongwa, na mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Je, dawa ya kuikabili magneziamu ikizidi ni kaliumu, yaani potasiamu? Hapana: kinzani yake ni kalsiamu glukoneti, gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, na ikae pembeni ya magneziamu yenyewe. Nimeliweka swali hilo kwa makusudi, kwa kuwa majina hayo mawili huchanganywa na watu waliochoka saa tisa za usiku.

Jambo la mwisho la kabati ni friji. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi baada ya kujifungua, huhitaji nyuzijoto 2 hadi 8, na baridi ya Njombe, hata ile inayogandisha umande, haitoshi kuwa friji kwa sababu mchana jua hupanda. Upande wa pili, chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini huharibika zikiganda, kwa hiyo zisisogezwe karibu na sehemu ya barafu. Joto la friji liandikwe asubuhi na jioni, na anayeliandika awe amelisoma kweli siku hiyo.

Hatua ya tano: Simu, zamu na rufaa

Maagizo ya simu yapokelewe pale tu ambapo daktari hawezi kufika. Mpokeaji aandike anaposikiliza, kisha asome alichoandika hadi daktari athibitishe. Tarakimu zitamkwe mojamoja, "tatu, sifuri", kwa kuwa mtandao ukikatakata "thelathini" na "themanini" hufanana, vivyo hivyo "sitini" na "sabini".

Makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa, si mezani. Anayetoka aeleze hali ya sasa, alikotoka mgonjwa, anachodhani kinaendelea na kinachotakiwa kufanywa. Anayeingia arudie kwa maneno yake. Swali la "Hakuna shida, eh?" lipigwe marufuku kabisa.

Kwa rufaa, kumbuka kuwa mama anayetoka kituo cha afya cha milimani hadi Mbeya au Iringa husafiri saa nyingi, na mvua za masika zinaweza kuongeza saa nyingine. Barua yake itaje kila dawa aliyopewa, kiasi na saa kamili. Bila saa ya dozi ya mwisho ya magneziamu, anayempokea hubaki na njia mbili mbaya: kurudia dawa ambayo bado imo mwilini, au kusubiri huku degedege likirudi.

Hatua ya sita: Mikono

Mikono isafishwe kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono chenye spiriti ni 20 hadi 30. Maji ya bomba ya mwezi wa saba huuma vidole, nami sitamlaumu anayeyakwepa. Mwekeeni kitakasa mikono kwenye toroli.

Hatua ya saba: Damu na upasuaji

Makosa ya damu yanaweza kuanza siku ya kuchukua sampuli, si siku ya kuitundika tu. Chupa iandikwe kando ya kitanda, baada ya damu kuvutwa na mgonjwa kujitaja, wala isiandikwe kabla ikiwa rundo mezani. Damu ikija, watu wawili wasome pamoja, mbele ya mgonjwa, majina, namba ya faili, kundi la damu, namba ya chupa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ianze polepole, muuguzi akae naye dakika 15 za kwanza, na iwe imekwisha ndani ya saa 4. Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au mkojo mwekundu vikitokea, funga mpira wa damu, acha njia ya mshipa ikiwa wazi kwa maji ya chumvi ya kutundika, na uite daktari.

Kwa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wapo wanaodhani ni jambo la hospitali tajiri. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, London, Toronto na Seattle zikiwemo, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, chini tu ya milima yetu ya Udzungwa. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Sehemu yake muhimu kuliko zote haihitaji hata kalamu: kabla ya usingizi mgonjwa aulizwe, "Umekuja kupasuliwa nini, na upande gani?" Akionyesha kwa kidole chake, hapo ndipo pawekwe alama.

Hatua ya nane: Anapoondoka kwenda nyumbani

Usimuulize anayeruhusiwa kama ameelewa. Mwambie, "Mama, hebu nieleze utakavyozitumia dawa hizi ukifika nyumbani," na usikilize. Akikosea, lawama iwe ya maelezo yako, ueleze upya kwa njia nyingine. Kwa dawa ya maji, mpe kipimo cha mililita, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Muulize pia ni dawa gani nyingine zimo ndani ya nyumba, za duka la dawa na za mizizi, kwa swali la wazi na uso usiohukumu. Ukiuliza "Hutumii miti shamba, eh?" jibu unalijua.

Hatua ya tisa: Kosa likishatokea

Kwanza mhudumie mgonjwa. Pili, msimamizi wa zamu na daktari waambiwe saa ileile. Tatu, mgonjwa au ndugu zake waelezwe ukweli na mtu wa ngazi ya juu, wakiwa wameketi, bila lugha ya kuficha. Wataujua hata hivyo, na wakiujua kupitia mfanya usafi imani haitarudi. Madhara yanayoshukiwa kuwa ya dawa yajazwe kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kisha lifunguliwe daftari la kuandika matukio, likiwemo lile kosa lililokamatwa kabla halijamfikia mgonjwa, ambalo hufundisha vilevile na halimuumizi mtu. Majina ya watumishi yasiandikwe. Mlevi kazini au mwizi wa dawa ana njia yake ya kinidhamu, na daftari hili si lake. Kikao cha kila mwezi kisome matukio hayo na kuuliza ni nini kilichomfanya mtu mwangalifu akosee: ampuli zinazofanana, chati isiyosomeka, muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini. Kila tukio litoke na badiliko moja, mtu wa kulifanya na tarehe.

Wodi ya kwanza niliyoanzisha daftari hilo ilikaa wiki tatu bila mtu kuandika chochote, hadi nilipoandika mwenyewe habari ya akina Sanga watatu. Kesho yake asubuhi nilikuta maandishi mengine mawili chini yake, kwa mwandiko tofauti.